Chini ya Jalidi

Huku kwetu Kaunas, mwezi wa kwanza,
ardhi huganda mita moja na ushee kwenda chini.
Sisemi haya kutisha wageni. Mimi ni mwashi,
nimeichimba.
Ukijenga juu ya hapo, barafu itauinua ukuta
kama mtu ainuavyo kifuniko cha sufuria kuchungulia,
na ikifika Aprili mteja anakuita
uje utazame ufa unaopitisha mkono wako.
Chini ya jalidi, basi. Huo ndio mwiko wangu,
ule wa mkononi na ule usiovunjwa.

Halafu binti yangu Ugnė akanisajili.
Kilomita arobaini na mbili, Septemba,
zawadi ya kutimiza miaka hamsini na mmoja.
Wengine hupewa soksi.
Mpango wa wiki kumi na sita
nikaubandika kwenye friji, nikainama kufunga viatu.
"Bado," akasema kwenye simu. "Huo ni wa Mei.
Sasa hivi unakimbia tu, taratibu,
miezi minne ya kukimbia kusiko na jina."
"Kasi gani?"
"Kasi ya mtu anayeweza kuzungumza."
"Na nani?"
Akacheka. Hilo hakulijibu.

Kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri, kando ya mto Nemunas,
vipande vya barafu vikisuguana majini
kama sahani kwenye beseni,
nilizungumza na hewa. Niliitajia bei:
saruji mifuko arobaini, kokoto lori mbili,
nondo za milimita kumi na mbili,
na yule mwenye karakana Aleksotas
ambaye hajanilipa tangu Oktoba,
nikamtaja kwa jina lake lote, na la baba yake.
Pumzi ikikatika kabla ya nondo, napunguza mwendo.
Mwanamke anayevuta sleji akanipita.
Kitoto kilichokaa juu yake kikanipungia mkono.

Mwezi wa pili nikajiona.
Siku ya jua, theluji inameta,
nikaukimbia mtaa mzima kama mtu anayedaiwa.
Kesho yake pia.
Siku ya tatu ugoko ukaniita kwa jina.
Siku tisa nilikaa na mfuko wa njegere za friji mguuni,
mimi, niliyemfukuza mteja
kwa kutaka kupandisha tofali juu ya zege la juzi.
Zege halikauki, nilimwambia, zege linakomaa.
Lataka kumwagiwa maji na kuachwa.
Bronius wa ghorofa ya pili, avutaye sigara dirishani,
akauliza: "Umeshinda?"

Nikaanza tena. Dakika ishirini. Ishirini. Ishirini na tano.
Wiki ya nne nikarudi nyuma kidogo kwa hiari yangu,
jambo ambalo mke wangu Liucija
hajaliona tangu tuoane.

Hakuna anayepiga picha msingi.
Watu hupiga picha paa, baraza, mapazia.
Msingi hufukiwa, udongo ukashindiliwa,
na siku ya karamu wageni hucheza juu yake
bila kuuliza wanacheza juu ya nini.

Asubuhi moja ya Aprili, mto umeshafunguka,
bata wanagombana,
nilikuwa katikati ya deni la yule wa Aleksotas,
nimefika kwenye riba,
nikainua macho, na daraja halipo mbele yangu.
Liko nyuma. Nimelipita saa ngapi?
Nondo nilishazitaja zote. Kokoto pia.
Maneno yameniishia na pumzi imebaki.
Sikusimama. Nikaanza kutaja madirisha.

Jumatatu mpango unaanza.
Leo ni kilomita nane, mwendo wa maongezi.
Bronius yuko dirishani na sigara yake.
"Umeshinda?"
Nina jibu refu, na pumzi yake ninayo.
Naondoka nalo kuelekea mtoni.